Mgeni, Mwenyeji na Jina: Kuzifahamu Jamii za Nchi ya Chai, Kericho na Bomet

Utangulizi

Likizo ikifika, wengi wetu tunaofundisha Kiswahili katika vyuo vya bara huelekea pwani. Huenda Lamu, Malindi, Mombasa au Unguja, tukarudi na maneno mapya katika daftari zetu, na kuamini kwamba tumezidi kuwafahamu wenye lugha. Desturi hiyo si mbaya. Lakini imetuzoeza kudhani kwamba historia ya Kiswahili iko ufukoni tu, na kwamba bara ni mahali ambapo lugha hii ilifika ikiwa imekwisha kamilika, kama bidhaa iliyotiwa katika gunia.

Makala haya yanakusudia kumgeuza msafiri huyo atazame upande wa pili, yaani nyanda za juu za magharibi ya Kenya, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Huko Kiswahili si lugha ya mama ya jamii yoyote kubwa. Hata hivyo ni vigumu kwa jamii moja kuishi na jirani yake bila ya lugha hiyo. Mgeni apitaye kwa gari kutoka Nakuru kwenda Kisumu, au kutoka Kisii kwenda Sotik, huona michai iliyokatwa sawasawa kana kwamba imechanwa kwa kitana, na wachumaji waliobeba vikapu mgongoni. Kwa miaka mingi wageni wa aina hiyo walilala katika hoteli ya mji wa Kericho iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Waliweza kulala, wakanywa chai, wakapiga picha, wakaondoka, wasijue jina la watu waliowapokea.

Swali letu ni dogo, lakini lina uzito. Katika lugha ya Kiswahili, wenyeji wa nchi hii wameitwaje, na nani, na kwa sababu gani? Hoja tutakayoitetea ni kwamba kuifahamu jamii huanzia katika jina, na kwamba katika nchi ya chai Kiswahili kina deni: kilibeba majina ambayo wenyewe hawakujipa, kikayaingiza katika ramani, katika daftari za serikali na hata katika sheria.

Majina yaliyokuja na misafara

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita kandokando ya nchi hii ikitafuta pembe za ndovu na njia ya kufika ziwa la Nyanza. Wasafiri hao hawakuwa na nafasi ya kukaa na kila jamii. Walipata habari kwa wale waliokutana nao mbele ya wengine, na mara nyingi hao walikuwa Wamaasai. Basi jamii nyingi zilifahamika pwani kwa jina walilopewa na Wamaasai kabla hazijafahamika kwa jina lao wenyewe.

Mfano wa kwanza ni neno Lumbwa. Wamaasai walilitumia kwa watu ambao, ijapokuwa walifuga ng'ombe, walilima ardhi pia. Na machoni pa mfugaji wa Kimaasai kuchimba ardhi hakukuwa kazi ya kujivunia. Neno hilo halikuwa jina la kabila moja. Lilitumiwa hata kwa jamii nyingine zilizokuwa mbali sana na Kericho. Wakipsigis, ambao walifuga ng'ombe na kulima wimbi, walistahili kuitwa hivyo kwa kipimo cha Wamaasai. Wao wenyewe hawakujiita hivyo hata siku moja. Walijiita Kipsigis, na ndani ya jina hilo walijigawa katika sehemu nne: Belgut, Waldai, Buret na Sot. Watafiti wengine waliandika Peelkut na Puret. Hapa pana jambo la kifonetiki ambalo tutalirudia baadaye.

Mfano wa pili ni Wandorobo. Neno hili nalo latokana na Kimaasai, na maana yake ni watu maskini wasio na ng'ombe. Waliitwa hivyo jamii za wawindaji na warina asali, wakiwamo Waokiek (au Waogiek) wa msitu wa Mau, ambao unapakana na mashamba ya chai upande wa mashariki. Isitoshe, katika Kiswahili ndorobo ni jina la yule nzi aletaye malale. Haidhuru kama maneno haya mawili yana asili moja au la. Mtoto wa Kiokiek aliyejifunza Kiswahili shuleni alikuta kwamba jina aliloitwa na jirani lilikuwa pia jina la mdudu.

Mfano wa tatu watugusa sisi moja kwa moja, kwa kuwa haukupitia Kimaasai. Imeandikwa tangu mwanzo wa karne ya 20 kwamba jina Nandi, la jamii ndugu ya Wakipsigis upande wa kaskazini, lilitokana na neno la Kiswahili mnandi, yaani yule ndege mweusi wa majini anayepiga mbizi na kumeza samaki kwa ulafi. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakishambuliwa njiani ndio waliowafananisha watu hao na ndege huyo. Wenyewe, imeelezwa, zamani walijiita Chemwal. Leo jina la Nandi limekwisha kuwa lao, wanajivunia nalo, na hakuna anayewataka waliache. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili yampasa ajue kwamba lilianza kama tusi la mpita njia.

Twaweza kuongeza Kavirondo, jina lililotumiwa na watu wa misafara, kisha na serikali, kwa wakazi wa pande za ghuba ya ziwa. Waingereza walipoona kwamba watu hao wanasema lugha zisizofanana, hawakulitupa jina. Waligawa Kavirondo wa Kibantu na Kavirondo wa Kiniloti, ambao leo twawajua kuwa Waluhya na Wajaluo. Yafaa kukumbuka kwamba majina ya namna hii huweza kuchukuliwa na wenyewe na kufanywa chombo: vijana waliodai haki mwaka 1921 walikiita chama chao Young Kavirondo Association. Hata hivyo hawakukaa na jina hilo milele. Ghuba yenyewe leo yaitwa Winam.

Reli, boma na jina la Lumbwa

Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo ilihamishiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki, na reli ilikuwa imekwisha kufika ziwani mwezi wa Desemba 1901. Stesheni moja ya reli hiyo ilipewa jina la Lumbwa. Kwa njia hiyo neno ambalo hapo awali lilielea midomoni mwa watu lilipata mahali pa kutua: liliandikwa kwenye ubao, likachapwa kwenye tiketi. Misheni ya ufundi iliyoanzishwa na Mmarekani Willis Hotchkiss iliitwa Lumbwa. Wilaya nayo iliitwa Lumbwa, na baadaye Lumbwa Kusini. Mkipsigis aliyetaka kupanda gari la moshi alilazimika kulitamka jina hilo ili aweze kufika kwao.

Stesheni hiyo leo yaitwa Kipkelion. Badiliko hilo laonekana dogo kwa mgeni, lakini kwa mwenyeji lilikuwa na maana kubwa. Mzee mmoja wa Bureti, ambaye ujana wake wote aliutumia katika mashamba ya chai, alinieleza kwa upole kwamba hana chuki na Wamaasai walioanzisha neno hilo, kwa kuwa jirani humwita jirani apendavyo. Kilichomuuma ni kwamba serikali haikuuliza. Nilikumbuka maneno yake hayo kwa sababu nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilitafuta vitabu juu ya Wakipsigis katika maktaba kubwa, nikavikosa vingi, mpaka mkutubi aliponishauri nitafute chini ya jina la Lumbwa.

Kuhusu jina la Kericho lenyewe ziko simulizi zaidi ya moja. Wapo wasemao kwamba latokana na neno la Kikipsigis lenye maana ya dawa, na wengine hulihusisha na jina la kiongozi wa Kimaasai. Hatuna haja ya kuamua hapa. Yatosha kuona kwamba katika simulizi zote wenyeji wanalieleza jina kwa kurejea historia yao wenyewe na majirani zao, jambo lisilowezekana kwa Lumbwa.

Ardhi na neno la sheria

Mtu aweza kuuliza: jina lina dhara gani? Jibu liko katika ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, mpango ukavunjika, lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyeji. Makampuni ya chai yaliingia: Brooke Bond mwaka 1924, na mara baadaye kampuni ya James Finlay. Hivyo michai ile iliyopangika vizuri, ambayo mgeni huistaajabia, ilipandwa mahali palipokuwa malisho na mashamba ya watu.

Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, kwa kuogopa kwamba watachochea uasi. Walihamishiwa Gwassi, karibu na ziwa, nchi ya joto na ya malale. Kiongozi wa ukoo huo katika lugha ya Wakipsigis na Wanandi huitwa orkoiyot. Lakini sheria hiyo haikulitumia neno hilo. Iliitwa sheria ya kuwaondoa malaiboni, na laibon ni neno la Kimaasai. Kwa hiyo watu walifukuzwa katika nchi yao kwa sheria ambayo hata cheo chao haikukijua kukitaja. Aliyewahukumu hakuwa amefika hatua ya kwanza ya kuwafahamu.

Watalai waliporudi karibu na wakati wa uhuru, wengi wao hawakuwa na ardhi. Jambo hili halijesha. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria, na mwaka 2022 malalamiko yao dhidi ya Uingereza yalipelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Majirani zao Waogiek wa Mau walishinda kesi yao dhidi ya serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2017, na katika hukumu hiyo waliitwa kwa jina lao, si Wandorobo. Mwenye kuichukua lugha kuwa pambo tu na alitafakari hilo.

Kiswahili cha shamba la chai

Hapo mwanzo Wakipsigis wengi hawakuvutiwa na kazi ya mashamba ya Wazungu, kwa kuwa walikuwa bado na ng'ombe na mahali pa kulisha. Makampuni yalileta watu kutoka pande nyingine, hasa Nyanza: Wajaluo, Waluhya na Wagusii. Wakipsigis nao waliingia kazini kwa wingi kadiri ardhi ilivyopungua na kodi ilivyozidi. Watu hawa walipokutana kambini, lugha iliyobaki katikati yao ilikuwa Kiswahili.

Kilikuwa Kiswahili cha namna gani? Tukichunguza msamiati wa kazi tutaona jambo la ajabu kidogo. Msimamizi wa wachumaji aliitwa mnyapara. Neno hilo latokana na Kinyamwezi, na katika misafara ya karne ya 19 lilimtaja mkuu wa wapagazi. Chakula cha mfanyakazi kiliitwa posho, kama chakula cha mpagazi njiani. Mfanyakazi wa siku aliitwa kibarua, kutokana na ile barua ndogo ambayo mtu wa pwani alipewa kuthibitisha kazi ya siku. Na hati ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuichukua, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa mwaka 1920, iliitwa kipande. Kwa hiyo shamba la chai, kwa upande wa lugha, lilikuwa kama msafara uliosimama mahali pamoja. Mizigo ilibadilika kutoka pembe kuwa majani. Maneno ya kuamuru na kulipa yalibaki yale yale.

Juu ya maneno hayo palikuwa na Kisetla, yaani Kiswahili cha Mzungu mwenye shamba, chenye vitenzi vya kuamrisha tupu. Wapo wataalamu waliodhani kwamba Kiswahili cha bara kilizaliwa katika amri hizo. Sisi hatukubaliani nao. Amri hutoka juu kwenda chini, na jioni mwenye kuamuru huenda zake nyumbani. Wanaobaki kambini ndio wanaoazimana chumvi, wanaougua, wanaozaa na kuzika. Kiswahili chao kilikua katika mambo hayo. Mtoto aliyelelewa katika kambi ya chai alijua kusema kongoi kwa Kikipsigis kama shukrani, akaitikia oyawore ya Kijaluo na bwakire ya Kigusii asubuhi, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Nacho Kikipsigis kilichukua kutoka Kiswahili kikalifanya lake: chai ikawa chaik, kitabu kikawa kitabut, kila neno likivishwa kiishio cha Kikalenjin.

Yatupasa pia kulitaja jambo ambalo limezoeleka kuwa mzaha. Katika michezo ya kuchekesha, Mkalenjin asemaye Kiswahili hutambulishwa kwa kuchanganya p na b, t na d, k na g. Lugha yake haitenganishi maana ya maneno kwa sauti hizo za ghuna na zisizo ghuna. Ndiyo maana wageni waliosikia jina lile lile wakaandika mmoja Peelkut na mwingine Belgut, mmoja Puret na mwingine Buret. Hakuna aliyekosea kusema. Masikio ya waandishi ndiyo yaliyotofautiana. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi wake kwa jambo hilo, badala ya kumweleza mifumo ya sauti ya lugha zote mbili, anarudia kosa la yule karani wa stesheni.

Jamii nyingine ambayo mgeni hupita bila kuiona vema ni Wahindi wa dini ya Sikh. Mafundi wao walikuja na reli, wengine wakakaa, na hekalu lao mjini Kericho huwavuta mahujaji kutoka nchi za mbali. Nao Kiswahili cha Kenya kimewapa jina: Kalasinga. Husemwa kwamba lilitokana na jina la mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Kala Singh. Jina la mtu mmoja limekuwa jina la jamii nzima.

Jina lililochaguliwa na wenyewe

Katika miaka ya 1940, wakati wa vita na baada yake, wasomi vijana na askari wa Kipsigis, Nandi, Tugen, Keiyo na jamii nyingine ndugu walitafuta jina moja la kujumlisha. Walichagua Kalenjin, maana yake nakwambia, maneno ambayo msemaji wa lugha hizo huyatumia kumwita mwenzake amsikilize, na ambayo yalisikika redioni katika matangazo ya wakati huo. Hapana shaka siasa ilihusika katika uteuzi huo. Lakini tazameni tofauti iliyopo kati ya Lumbwa na Kalenjin. La kwanza ni neno la mtu anayemtazama mwenzake kwa mbali. La pili ni neno la mtu anayeongea na mwenzake uso kwa uso.

Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Bureti aliyepata kuwa waziri, na aliyechapisha mwaka 1979 utafiti wake juu ya isimu ya Kikalenjin, ni mfano wa kizazi kilichoona kwamba kazi ya jina haiishi katika kuchagua. Yataka pia sarufi, maandishi na simulizi. Kazi kama hiyo ndiyo inayompa mgeni njia ya kuingilia.

Jina linapokuwa silaha

Lingekuwa kosa kuumaliza mjadala huu kana kwamba ubaya wote uliletwa na wageni. Katika ghasia za miaka ya 1990 za Bonde la Ufa, zilizofika hata mipakani mwa Kericho, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliotoka pande nyingine waliitwa madoadoa. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ambao wazazi wao walizikwa huko walijikuta wakihesabiwa kuwa uchafu juu ya nguo. Neno hilo si la Kimaasai, wala la Kiingereza, wala la Kikipsigis. Ni Kiswahili sanifu, na hupatikana katika kamusi zetu zote. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na wakuja, ambalo latumika zaidi pwani. Basi na yule msafiri wetu wa likizo, akiwa Malindi, huenda akaitwa mkuja.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kilifika nchi ya chai mara tatu: kwa misafara, kwa reli na boma, na kwa kambi za wafanyakazi. Mara mbili za kwanza kilibeba majina yaliyotolewa kwa mbali; mara ya tatu kilikuwa lugha ya majirani. Haiwezekani kuisifu sura hiyo ya tatu na kuzificha zile mbili.

Wajibu wetu ni wa namna mbili. Kwanza, watungaji wa kamusi wanapoingiza majina kama Wandorobo, Wakavirondo au Kalasinga, waeleze asili yake na jina ambalo wenyewe hulitumia, ili msomaji asichukue tusi kuwa taarifa. Pili, utafiti wa Kiswahili cha kambi za chai ufanywe mapema. Mashine za kuchuma zinaingia, makampuni yamebadilisha wenyewe na majina, na wazee walioishi kambini wakati wa kipande wanapungua kila mwaka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haikusema mgeni aje na jina la mwenyeji mfukoni. Aliulize akifika.